Beni: Macho ya angani hayatoshi bila sikio la kijiji

Kila mauaji yanapotokea wilayani Beni, wakaazi huuliza: jeshi lilikuwa wapi? Lipo swali jingine la kuuliza kwanza: nani alikuwa anajua, na habari yake iliishia wapi?

Katika majeshi tajiri, swali hilo limezaa biashara kubwa. Kompyuta hukusanya picha za ndege zisizo na rubani, mawasiliano ya redio na ripoti za doria, kisha huziunganisha kuwa picha moja ya uwanja wa vita. Askari naye huvaa miwani inayomwonyesha ramani na alama za wenzake juu ya kile anachokitazama. Mwaka 2021, jeshi la Marekani liliipa Microsoft mkataba wa miwani ya aina hiyo ambao thamani yake ingeweza kufikia dola bilioni 21.9. Katika majaribio, baadhi ya askari waliumwa kichwa na kupata kichefuchefu.

Kivu Kaskazini nayo ilipewa macho mapema. Desemba 2013, Umoja wa Mataifa ulirusha kutoka Goma ndege zake za kwanza za uchunguzi zisizo na rubani. Kabla mwaka haujaisha, Oktoba 2014, wimbi la mauaji ya raia likaanza Beni, mengi yakihusishwa na waasi wa ADF. Kamera ya angani haioni vizuri chini ya miti ya Virunga, wala haimtambui kwa urahisi mwasi mwenye panga kati ya wakulima wanaokwenda kuvuna kakao.

Hata hivyo, miti si kisingizio cha kila kitu. Tarehe 7 Desemba 2017, kambi ya Semuliki ilishambuliwa na walinda amani 15 wa Tanzania wakauawa. Uchunguzi wa Umoja wa Mataifa ulibaini kwamba hapakuwa na mpango unaotekelezeka wa kuwapelekea msaada na kuwaondoa, na kwamba kulikuwa na upungufu katika uongozi, usafiri wa anga na taarifa za kijasusi. Picha safi ya adui haina faida ikiwa hakuna anayetumwa.

Tangu Novemba 2021, FARDC na jeshi la Uganda wanaendesha Operesheni Shujaa. MONUSCO nayo bado iko Beni. Waasi, kwa upande wao, wamesogea hadi Mambasa, mkoani Ituri, na hadi Lubero, wilaya inayoizunguka Butembo. Kila jeshi likibaki na ramani yake, redio yake na lugha yake, kundi dogo linalotembea kwa miguu litaendelea kupita katikati.

Wanaojua kwanza mara nyingi ni raia: mkulima aliyeona nyayo ngeni, mwendesha pikipiki aliyekuta njia imefungwa, mama aliyekuta mihogo yake imeng'olewa. Wapo watakaosema kwamba raia hutoa tahadhari za uongo, na kwamba waasi wana wapelelezi vijijini. Ni kweli, na ndiyo sababu taarifa zinapaswa kuunganishwa: simu ya kijiji ilinganishwe na picha ya angani na ripoti ya doria, kabla ya kupuuzwa. Jina la mpigaji simu lifichwe, maana likivuja, yeye ndiye atakayefuatwa usiku.

Raia pia anahitaji kuona matokeo. Novemba 2019, baada ya mauaji ya Boikene, waandamanaji wenye hasira walichoma ofisi ya meya wa Beni na kuvamia kambi ya MONUSCO. Julai 2022, maandamano ya Butembo yaliua waandamanaji pamoja na walinda amani watatu. Watu waliofika hapo hawapigi simu tena.

Kabla ya kununua miwani yoyote, mamlaka za kijeshi zinazoongoza mkoa huu tangu hali ya kuzingirwa itangazwe Mei 2021 zianzishe Beni chumba kimoja cha taarifa, chenye maofisa wa FARDC, Uganda na MONUSCO, na wapokea simu wanaojua Kiswahili na Kinande. Kila mwezi zitangaze tahadhari ngapi zilipokelewa, na ni baada ya saa ngapi askari walifika. Hesabu hiyo haihitaji setilaiti.