Tufungulieni Stoo ya Magita

Mhariri ameniomba niandike juu ya jambo lolote linalonikereketa maini. Nami sina kubwa ila hili: katika stoo iliyo nyuma ya jumba la muziki mna magita matatu ya umeme yaliyokufa, na mlango wake una kufuli. Ukiuliza, unaambiwa eti yanangoja fundi. Fundi gani huyo asiyefika? Tangu nikiwa kidato cha kwanza nayaona kupitia dirishani, yamelazwa chali kama wagonjwa wasiotembelewa na jamaa zao.

Maoni yangu ni kwamba tuyafungue sisi wenyewe. Najua wapo watakaoguna na kusema mtoto akililia wembe mpe. Haya basi, mimi nilipewa wembe huo na ukanikata. Nitawasimulia bila kuficha, maana pasipo kisa hicho hoja yangu haitaeleweka.

Marehemu mjomba wangu alikuwa akipiga gita kanisani. Alipofariki, gita lake jekundu lilibaki kwa nyanya, juu ya kabati, limefunikwa leso. Likizo ya Aprili mwaka jana nikaomba nipewe. Nyanya akakataa katakata. "Mjukuu wangu, kitu cha marehemu hakichokorwi." Nilimsihi siku nne nzima, nikamchotea maji bila kutumwa, hata akalegea. Lakini alinipa kwa sharti moja: sauti yake nisiibadilishe. Alitaka akiisikia ajue ni mwanawe.

Gita lenyewe lilikuwa na hali mbaya. Nyuzi zilishika kutu, tena zilipanda juu ya shingo hata kuzibonyeza ni adhabu. Hapa ndipo wengi wetu hukosea. Kijana akipata gita, jambo la kwanza ni rangi. Atalipaka weusi, abandike picha ya fuvu la kichwa, halafu ashangae mbona bado linalia kama mlango wa choo. Rangi haisikiki, bwana! Mabadiliko ya kwanza yenye maana hufanywa kwa bisibisi. Tazama daraja, pale nyuzi zinapoishia: kila uzi una kiti chake kidogo chenye skrubu. Gusa uzi kwa wepesi juu ya freti ya kumi na mbili upate ile sauti nyembamba kama kengele, kisha ubonyeze papo hapo uulize tena. Sauti mbili hizo sharti zilingane. Ya kubonyeza ikiwa juu zaidi, rudisha kiti nyuma, mbali na shingo, ili uzi urefuke. Ikiwa chini, kisogeze mbele. Nilikesha na kazi hiyo siku mbili. Nyanya aliposikia nyuzi mpya zikiimba sawasawa alitabasamu, akasema mjomba hakuwahi kulisikia hivyo.

Ningekomea hapo ningekuwa shujaa. Kumbe mambo bado.

Inafaa nieleze kwanza sauti ya gita la umeme hutoka wapi, kwa maana wengi hudhani ni uchawi wa amplifaya. Chini ya nyuzi kuna kidude kiitwacho pikapu (siyo ile gari ya kubebea makabichi!). Ndani yake mna sumaku iliyozungukwa na waya wa shaba mwembamba kuliko unywele, mizunguko maelfu kwa maelfu. Uzi wa chuma ukitikisika juu ya sumaku, umeme mdogo huzaliwa katika waya ule. Ni Fizikia ile ile ya kidato cha nne, ya Faraday, ambayo tunaikariri tukisinzia. Ndiyo sababu rafiki yangu mmoja wa bwenini alipofunga nyuzi za nailoni kwenye gita la umeme alipiga hadi kucha zikamuuma asisikie kitu. Sumaku na nailoni hazijuani.

Gita la mjomba lilikuwa na pikapu mbili. Moja ilikufa zamani, akawa anatumia ile ya karibu na shingo pekee. Hiyo nayo ilikuwa na kasoro: ukiongeza sauti ilipiga mbinja kali ya kutoboa masikio. Nikawa nimesoma habari za Eddie Van Halen, mpigaji wa Marekani aliyeaga dunia mwaka wa 2020, ambaye alijiundia gita lake kwa vipande vya magita mbalimbali na kuichovya pikapu katika nta ili isipige mbinja. Waya ukilegea hutikisika wenyewe, na nta huushika ukatulia. Nami nikasema, mishumaa si ipo?

Ilikuwa likizo ya Agosti. Niliyeyusha mishumaa katika kisufuria juu ya moto wenyewe, nikatumbukiza pikapu ya mjomba. Lo! Nta haitakiwi kupita takriban digrii 65, tena huyeyushwa kwa kuweka chombo ndani ya maji moto, isiguse moto hata kidogo, maana yaweza kuwaka. Hayo niliyajua baadaye. Yangu ilikuwa ikifuka moshi. Kile kiplastiki kinachozungushiwa waya, mfano wa bobini ya cherehani, kilijikunja kama karatasi, na waya ukakatika ndani kwa ndani. Nililirudishia gita, nikachomeka, nikapiga. Kimya.

Siku hiyo sikula. Jioni nilimwendea nyanya jikoni nikamwambia. Hakunigombeza, na laiti angenigombeza! Alikoroga uji wake kwa muda, kisha akasema, "Basi hilo si lake tena," akaendelea na kazi.

Mwenye kupinga hoja yangu anaweza kusimama hapa akasema: waona? Ndiyo maana stoo ina kufuli. Lakini hebu nisikilizeni. Kosa langu halikuwa kufungua. Kosa lilikuwa kujifunzia juu ya kitu kimoja tu kilichobaki, kitu chenye thamani, usiku, peke yangu, bila wa kuniambia ngoja kwanza. Lau ningeanza na pikapu iliyokufa tayari, hasara ingekuwa mshumaa. Na vitu vilivyokufa tayari ndivyo tulivyofungiwa!

Tuliporudi shuleni nilimweleza mwalimu wetu wa muziki. Alinifungulia stoo kwa dakika kumi, nikatoa pikapu moja kutoka kwa lile gita lililovunjika shingo. Nililehemu, au nilisolda kama wasemavyo mafundi wetu wa jua kali, na likalia. Lilivuma pia kama mzinga wa nyuki, kwa kuwa nilikuwa nimeuacha nje waya mdogo unaoingia chini ya daraja nikidhani hauna kazi. Waya huo huunganisha nyuzi na upande wa ardhi wa saketi. Nilipourudisha, mvumo ukapungua. Nilijifunza mengi katika saa mbili hizo kuliko muhula mzima wa kunakili ubaoni, walimu wa Fizikia wanisamehe.

Isidhaniwe kwamba kazi hii ni ya wahuni walioshindwa na masomo. Mwaka wa 1963 kijana Mwingereza, Brian May, alianza kuunda gita la umeme nyumbani pamoja na baba yake kwa kuwa hawakuwa na uwezo wa kununua. Shingo waliichonga kutoka kwa ubao wa juu ya meko kuukuu, springi zikatoka kwa pikipiki, na alama za shingoni ni vifungo vya nguo. Yeye pia alisumbuliwa na mbinja ile ile, akaizima kwa kumimina gundi ndani ya pikapu. Gita hilo ndilo alilopigia bendi ya Queen akiwa na Freddie Mercury, mzaliwa wa Unguja, na mwaka wa 2002 alilipiga juu ya paa la kasri la malkia wa Uingereza. Mwaka wa 2007 akahitimu udaktari wa falsafa katika fizikia ya nyota. Hapa karibu, Franco Luambo wa Kongo alianza utotoni kwa gita la kujitengenezea, akipiga penye biashara ya mama yake sokoni Kinshasa. Na wenzake wa Kongo huondoa uzi wa nne, wakatia mwembamba unaolia oktava moja juu, ndipo upate ule mlio wa kumetameta unaotuinua vitini. Hilo ni badiliko la uzi mmoja tu!

Sisemi tuingie stooni na nyundo. Nimekwisha umia, nina masharti yangu. Tusitoboe mbao wala kukata chochote mwaka wa kwanza. Kila kilichotolewa kiwekwe mkebeni na kuandikwa kilitoka wapi, ili atakayetaka kurudisha arudishe. Na amplifaya isifunguliwe na mwanafunzi kamwe: ndani yake mnapita umeme wa stima wa volti 240, tena kapasita zake zaweza kukupiga hata baada ya kuchomoa. Gita lenyewe halina umeme wa kuua. Hilo tuachieni.

Likizo ya Disemba nililipeleka gita kwa nyanya. Nilipiga wimbo mmoja wa mjomba, nikitetemeka. Sauti ya sasa ni nyembamba kidogo, haina ule mkoromo wa chini aliokuwa nao. Nyanya alisikiliza hadi mwisho, akasema huyu ni mtu mwingine. Kisha akaniambia nipige tena, na mara hii nisikimbie. Ile pikapu iliyojikunja ninayo katika mkebe wa Blue Band. Siku nikipata waya wa kutosha na mkono uliotulia nitaizungushia upya, lakini safari hii nitaanzia kwa nyingine.

Stooni zimebaki pikapu tano, nimezihesabu kupitia dirishani. Mwalimu mwenye ufunguo, Jumamosi baada ya usafi wa mabweni tuna nafasi. Tuko wanane, na bisibisi tunazo.