Tunafyeka Maua, Tunatandika Zulia

Mtu akinunua kiwanja Kigamboni, Bunju au Kitengela, kazi ya kwanza si msingi wala kisima. Ni kusafisha. Wanaitwa vijana wawili wenye mapanga, na kufikia jioni umebaki udongo mtupu. Kilichokatwa hakuna aliyekitazama, kwa kuwa kilikuwa pori. Nyumba ikishapauliwa, mwenye nyumba huyohuyo anakwenda kwenye kitalu kando ya barabara kununua “maua”, na sisi watu wa bustani ndio tunaoitwa kuyapanda: miashoki kuufuata ukuta, ukoka mbele ya nyumba, bogonvilia getini, na juu ya ukoka kibao cha kumkataza mtu asikanyage.

Nyuma ya kazi hiyo kuna imani ambayo sijapata kusikia ikipingwa. Ya kwetu ni pori, ua ni kitu cha kuletwa. Anaiamini tajiri wa Masaki na mpangaji wa Mbagala, na mhandisi wa manispaa anaiandika kabisa kwenye zabuni. Mimi nasema ni uongo, tena uongo unaotutoa fedha mfukoni.

Tazama mmea unaopamba mapokezi ya karibu kila benki na hoteli siku hizi, ule wenye majani manene yanayong'aa, yaliyopangana pande mbili za bua, unaostahimili kusahauliwa wiki tatu. Wauzaji wanauita ZZ, kifupi cha jina lake la kitaalamu, Zamioculcas zamiifolia. Mteja wangu mmoja aliniapia kwamba umetoka China. Umetoka hapahapa. Kwao ni Afrika ya mashariki, kuanzia Kenya, Tanzania na Zanzibar hadi KwaZulu-Natal. Chini ya udongo una viazi vya kuhifadhi maji, na ndiyo maana hauombi maji kila siku. Kiangazi chetu ndicho kilichoulea hivyo. Wakulima wa Uholanzi walianza kuuzalisha kwa wingi mnamo mwaka 1996, ukaenea duniani, kisha ukaturudia ndani ya chungu cha plastiki. Bei yake mjini akiisikia mzee wa shamba la pwani, ambaye huufyeka ili apate nafasi ya mihogo, atadhani anataniwa.

Huo si mfano wa bahati. Mimi nikisafiri huingia duka la maua kabla sijaingia makumbusho, na karibu kila mara nakuta watu wa nyumbani. Kule Ujerumani hata maduka ya vyakula huuza ua dogo la zambarau lenye majani ya manyoya laini, na jina lake la Kijerumani linaitaja Usambara mpaka leo. Mwaka 1892 mkuu wa wilaya wa Kijerumani aliyekuwa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, alilikuta kwenye miamba yenye kivuli akampelekea baba yake mbegu. Mwaka uliofuata Hermann Wendland, mtaalamu wa bustani za Herrenhausen mjini Hannover, akalisajili kwa jina la familia ile, Saintpaulia. Leo linakaa madirishani mwa mamilioni ya bibi wa Ulaya na Marekani, huku ndugu zake kadhaa waliobaki porini wako hatarini, kwa kuwa msitu unaowakinga na jua unakatwa. Niliwahi kuliulizia kwenye kitalu kimoja Tanga mjini. Nilioneshwa waridi.

Lipo na jingine, lile la rangi ya waridi, jekundu au jeupe ambalo Waingereza hulijaza kwenye vikapu vya kuning'iniza kila majira yao ya joto. Nalo ni la Afrika Mashariki. Mwaka 1882 Joseph Hooker, mkuu wa bustani za Kew, alilipa jina la heshima kwa sultani wa Zanzibar, Impatiens sultani. Baadaye ikaonekana kwamba lilikwisha kupewa jina la mmisionari Horace Waller, na sultani akapoteza ua lake. Masale nayo, ambayo Wachaga hupandia mipaka ya vihamba na kuombea msamaha, Wamarekani huyaweka sebuleni wakiamini wameleta nyumbani kitu cha pekee. Hata ukoka, mungu wetu huyu wa mbele ya nyumba! Nyasi zinazofunika viwanja vingi vya gofu na bustani za nyumba Australia na California ni nyasi za nyanda za juu za Afrika Mashariki, na kwa Kiingereza zinaitwa kwa jina la Wakikuyu. Dunia nzima inanunua pori letu. Sisi peke yetu ndio tunaolipa vijana walifyeke.

Sihubiri ukabila wa mimea. Mwembe ulitoka Asia, mwarobaini ulitoka huko, asumini na langilangi ni wageni, na mkungu uliofunika baraza nyingi za pwani nao mbegu zake zilivuka bahari. Lakini angalia wazee walivyowapokea wageni hao. Kila mmoja alipewa kazi: huyu tunda, huyu dawa, huyu harufu ya chumba cha bi harusi, huyu kivuli cha watu wa bao. Mgeni wa sasa hana kazi. Mwashoki umejipanga kwenye kuta na barabara zetu, mwembamba na wima, matawi yote yameshuka chini, na saa sita mchana kivuli chake hakimtoshi kuku. Tunaupanda kwa sababu umenyooka. Umenyooka kwenda wapi, sijui.

Na kuwa mzawa peke yake hakuufanyi mti uwe mwema kila uendako. Ule wa maua mekundu kama moto, ambao Kenya wanauita kwa jina la Wanandi, ni fahari ya magharibi mwa Kenya na ya Uganda. Katika visiwa vya Pasifiki umegeuka janga, na umo katika orodha ya viumbe vamizi 100 vibaya zaidi duniani. Mti una kwao.

Hapo ndipo ninapogombana na ndugu wa ile imani kwamba ya kwetu ni pori, yaani kauli ya siku za kupanda miti kwamba mti ni mti, mradi kijani. Wenye kauli hiyo niwapeleke Baringo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 palipandwa mti wa kutoka Amerika, ambao Wakenya wanauita mathenge, kwa nia njema kabisa ya kuzuia jangwa na kuwapa watu kuni. Ukashika malisho, ukaziba njia za mifugo na kingo za maji, na maganda yake matamu yakaozesha meno ya mbuzi. Wananchi waliishtaki serikali yao, na mahakamani Nairobi walimpeleka mbuzi kibogoyo awe ushahidi. Kijani kilikuwepo tele. Aliyetaka kijani alikipata.

Au waende Amani, Usambara Mashariki, ambako Wajerumani walianzisha bustani ya utafiti mwaka 1902 na miti ikaletwa kutoka kila bara. Mmoja wa wavamizi wakubwa wa msitu ule hakutoka mbali hivyo. Ni Maesopsis, ambao Waganda huuita musizi, mti wa ukanda wa Ziwa Viktoria na magharibi ya hapo. Hondohondo wamekula matunda yake na kuzitawanya mbegu mpaka ndani ya msitu wa asili. Hata ndani ya bara moja, kitakachopandwa na mahali kitakapopandwa ni jambo la kufikiriwa kabla ya kupiga picha na koleo lenye utepe.

Turudi mjini. Nikilisema hili mbele ya maofisa, jibu ni moja: mbona Singapore? Lee Kuan Yew alianza mpango wa kuufanya mji ule kuwa bustani mwaka 1967, na kweli umependeza. Lakini Singapore hupata mvua zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, zinazonyesha karibu kila mwezi. Dar es Salaam hupata kama nusu ya hizo, tena kwa masika na vuli, na Dodoma hupata robo. Hata hivyo, kitu cha kwanza ambacho mgeni anakiona kutoka uwanja wa ndege wa Singapore ni dari la matawi juu ya barabara. Sisi tukaenda, tukatazama chini, tukaja na nyasi. Ndugu zetu wa Muscat wana nyasi na petunia kandokando ya barabara kuu, ndiyo, lakini wanazimwagilia kwa majitaka yaliyosafishwa. Sisi tunazimwagilia kwa maji ya kunywa. Oktoba 2022 Mto Ruvu ulipopungua na maji kutoka kwa zamu jijini Dar es Salaam, nilikuwa na wateja walionunua boza la maji kwa ajili ya ukoka. Mtaa wa pili akina mama walikuwa kwenye foleni na ndoo.

Tena ukoka haulindi chochote. Mvua kubwa ikinyesha juu ya udongo ulioshindiliwa na mashine ya kukatia, maji mengi yanateleza kwenda barabarani. Penye mti mkubwa na takataka za majani chini yake, yanaingia ardhini. Mtunza bustani yeyote amewahi kuliona hilo kwa macho yake, ila ukilisema unaambiwa majani makavu ni uchafu, yafagiliwe na kuchomwa. Tunaichoma mboji, kisha tunanunua mbolea ya mfuko!

Hoja yenye uzito dhidi yangu ni ya hofu. Vichaka vinaleta nyoka, mbu na vibaka. Siipuuzi, hasa hiyo ya vibaka. Mwanamke anayerudi kazini saa mbili usiku ana haki ya kuona mbele yake. Lakini panapomficha mwizi ni kwenye ua mnene uliofika kifuani na palipokosa taa. Mkwaju uliopogolewa matawi ya chini unapita wima chini yake, unaona mpaka mwisho wa njia. Nyoka hufuata panya, na panya hufuata jalala. Mbu wa dengi, aliyeitesa Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019, hazaliwi kwenye majani. Anazaliwa kwenye maji yaliyotuama: tairi, kopo, na zile sahani tunazoziweka chini ya vyungu vya maua ya kununua.

Wengine watasema hali inabadilika, watanitajia mugumo wa Waiyaki Way. Novemba 2020 barabara ya juu ya Nairobi ilikuwa inaukaribia mti huo mkubwa pale Westlands. Wananchi wakapiga kelele, likatoka tamko la rais kuulinda, nao ukabaki. Nilifurahi. Ila kwenye njia hiyohiyo miti mingine mingi iliangushwa bila tamko la mtu. Mji ambao mti wake wa asili hauponi mpaka rais aseme, haujabadilika. Umeponyoka mara moja.

Miaka miwili baadaye ikawa zamu ya Kilifi. Mibuyu iling'olewa mizima mashambani, iliyokwisha kuishi umri wa vizazi kadhaa, ili isafirishwe kwenda Georgia, kwenye bustani ya tajiri mmoja kando ya Bahari Nyeusi. Watu walikasirika, Rais Ruto akaagiza uchunguzi, na hasira ile ilikuwa ya haki. Mbuyu si kochi la kuhamishwa. Lakini wenye mashamba ndio waliouza. Na tajiri yule alikuwa ameona jambo ambalo sijaliona kwenye zabuni yoyote ya mandhari niliyowahi kuletewa, kwamba mbuyu ni pambo linalostahili gharama. Zabuni zetu zina mwashoki, zina mchikichi wa mapambo, zina mita za mraba za ukoka. Mbuyu ukitajwa, unatajwa kwenye ukurasa wa vitu vya kuondoa.

Vuli inaanza Oktoba. Kabla hujaita vijana wa kusafisha, zunguka kiwanja chako na mtu mzima anayeijua mimea ya hapo, akutajie kilichopo, ndipo uamue cha kukata. Ukienda kitaluni, kama uko pwani ulizia mkwaju, mbambakofi na mtondoo. Kama uko Arusha au Moshi ulizia mringaringa na masale. Muuzaji atasema hana, atakuonesha mwashoki. Usinunue. Rudi wiki ijayo ukaulize tena, na jirani yako naye apite kuuliza. Mtu wa tano akishaulizia mkwaju, muuzaji atamtuma kijana wake akaokote mbegu.