Usiuze cheni ya taiming peke yake

Leo naongea na wanaouza spea mtandaoni, ila hata anayeuza vyombo au simu atapata kitu hapa.

Mimi nauza spea za gari za mizigo nikiwa Rudewa, Kilosa. Mzigo nautoa Kariakoo, naupost WhatsApp na Facebook, na wateja wangu wengi wana kirikuu au Canter, wanabeba mahindi na mpunga. Msimu ukikaribia kila mtu anataka injini yake ifanyiwe ovaholi, na meseji zinazokuja ni zile zile: "Boss, cheni ya taiming bei gani?"

Wauzaji wengi wanataja bei hapo hapo. Kwa maoni yangu, hapo ndo tunapoharibu. Ukijibu bei kabla hujauliza injini, umeuza bahati nasibu.

Kwanza, sio kila gari ina cheni. Canter yenye injini ya 4D33 taiming yake inaendeshwa kwa gia, cheni hakuna kabisa. Kirikuu, yaani Suzuki Carry, nazo zinachanganya: yenye injini F6A inatumia mkanda, yenye K6A inatumia cheni. Zote ni silinda tatu, zote CC 660 hivi. Halafu kuna Carry za DA16T, zilizoanza kutengenezwa mwaka 2013, zenye injini R06A. Hiyo nayo ina cheni, lakini usimpelekee mteja seti ya K6A ukadhani itakubali. Kwa hiyo posti inayosema "inaingia kirikuu zote" sio tangazo, ni mtego.

Mimi kabla ya kutaja bei naomba vitu vitatu:
1. Picha ya kibati cha chasisi, na jina la injini lililogongwa kwenye bloku.
2. Picha ya cheni ya zamani ikiwa na gia zake, na fundi ahesabu viungo.
3. Fundi aseme anafanya nini: ovaholi nzima au anabadilisha cheni tu.

Dakika kumi tu. Mzigo uliokosewa unarudi Dar kwa nauli, na hiyo nauli lazima mmoja wenu ailipe.

Pili, uza seti. Cheni haivutiki kama mpira. Kinacholika ni pini na bushi za kila kiungo, na kila kiungo kikilegea kidogo, cheni nzima inakuwa ndefu. Ikiwa ndefu inachakaza meno ya gia. Sasa ukimuuzia mtu cheni mpya akaifunga kwenye gia zilizolika, zile gia zitaila cheni mpya mapema. Tenshona ikiwa imechoka, cheni inalegea na kupiga kelele, hasa asubuhi gari ikiwashwa, kwa sababu tenshona nyingi zinasukumwa na presha ya oili. Reli za plastiki zinazoongoza cheni zikipasuka, vipande vinadondoka kwenye sampu na vinaweza kuziba chujio la oili. Cheni ikiruka meno, valvu zinaweza kugonga pistoni. Hapo ovaholi yote imekwenda na maji.

Kwa hiyo seti kwangu ni cheni, gia zake, tenshona, reli, pamoja na gasketi na sili za mbele. Injini ikiwa tayari imefunguliwa, kuzifunga zote hakuongezi ufundi mwingi. Ukiacha tenshona ya zamani ikaja kufa baada ya miezi miwili, fundi anafungua mbele upya na anadai hela yake upya.

Najua mtaniambia: "Mteja hana hela, nikimtajia seti atakimbilia kwa mwingine." Kweli, wengine wanakimbia. Lakini piga hesabu ya mfano: cheni ni 60,000, seti ni 180,000. Anaona ameokoa 120,000. Injini ikigoma katikati ya mavuno, anapoteza trip za wiki nzima, analipa fundi mara ya pili, na bado atanunua ile seti. Na jina litakaloharibika kijijini ni la muuzaji, sio la cheni. Mimi nakubali alipe kidogo kidogo, mzigo unatoka akimaliza. Heri injini isubiri mezani wiki mbili kuliko ife barabara ya Dumila na tani ya mahindi mgongoni.

Tatu, usiite kopi orijino. Kuuza kopi nzuri sio dhambi, dhambi ni kuificha. Bidhaa bandia ni kosa kisheria, na Tume ya Ushindani, FCC, ndiyo inayozifuatilia. Andika kwenye risiti: aina ya injini, kampuni iliyotengeneza, vitu vilivyomo kwenye seti. Cheni ya mtumba mimi siuzi kabisa, maana huwezi kujua imelika kiasi gani kwa kuitazama kwenye picha.

Anayeuza spea anauza safari za mtu. Uliza kwanza, bei baadaye. Wewe mwenzangu, mteja akigoma seti unamjibuje? Tuambie hapo chini, tujifunze.