Uchambuzi: Namba za siri katika masafa mafupi na mwambao wa Tanganyika

Msikilizaji wa Rumonge au Nyanza-Lac mwenye redio ya masafa mafupi anajua kwamba mawimbi ya usiku hufika kutoka mbali. Kati ya kituo kimoja cha habari na kingine, mara nyingine huweza kusikika sauti isiyojitambulisha, ikisoma tarakimu tano tano, ikirudia kila fungu, kisha kunyamaza. Hakuna jina la kituo, hakuna salamu wala habari. Wapenzi wa redio duniani wameyarekodi matangazo ya namna hiyo kwa miongo mingi, na mwaka 1997 mkusanyiko mkubwa wa rekodi hizo ulitolewa Uingereza kwa jina la The Conet Project.

Katika mwambao wetu, sauti kama hiyo huweza kuzaa uvumi upesi. Mwezi Februari 2025, wakati Bukavu ilipoangukia mikononi mwa M23, makumi ya maelfu ya Wakongomani walikimbilia Burundi, na tangu hapo watu wengi hulala wakitega masikio upande wa pili wa ziwa. Kwa hiyo ni vyema kueleza namba hizo ni za nani, zinafanyaje kazi, na kwa nini mtu wa kawaida hapaswi kuziogopa wala kudai kuzielewa.

Namba hizo ni ujumbe wa idara za ujasusi kwa watu wao walio nchi za mbali. Utaratibu wake ni wa kale na ni mwepesi. Mtumaji na mpokeaji huwa na nakala mbili za daftari moja lenye tarakimu zilizopangwa kwa bahati nasibu. Ujumbe hugeuzwa kwanza kuwa tarakimu, kisha kila tarakimu hujumlishwa na ile ya daftari bila kubeba makumi. Ikiwa ujumbe ni 7, 3, 1 na daftari lina 5, 9, 4, kitakachosomwa redioni ni 2, 2, 5. Mpokeaji huondoa tarakimu za daftari lake, akarudi kwenye 7, 3, 1, kisha akauchoma ukurasa huo.

Mwanahisabati wa Marekani Claude Shannon alithibitisha, katika andiko lililochapishwa mwaka 1949, kwamba fumbo la aina hii halifumbuki, mradi daftari liwe la bahati nasibu kweli, litunzwe kwa siri, na ukurasa usitumike mara mbili. Bila daftari, tarakimu zilezile zinaweza kuwa neno “njoo” au neno “baki”, na hakuna hesabu itakayoonyesha lipi ndilo.

Hapa ndipo uvumi unapopoteza mguu wa kusimamia. Mtu anayesema sokoni, au katika sauti inayosambazwa kwa WhatsApp, kwamba amezifasiri namba za redioni na kwamba zinatangaza shambulio la siku fulani, hana alichokifasiri. Kama hana daftari, anabuni. Tena si kila mlio wa ajabu ni ujumbe wa kijasusi. Kuna vituo vinavyotoa alama za saa, kuna taarifa za hali ya hewa kwa mabaharia, na kuna mlio wa Urusi katika kilohezi 4625 ambao umedumu tangu enzi za Muungano wa Kisovieti na kuwashughulisha wasikilizaji wa mabara yote.

Swali la pili ni kwa nini, katika zama za intaneti, mtu atumie chombo cha babu zake. Jibu liko katika tabia ya masafa mafupi yenyewe. Mawimbi yake hupanda hadi tabaka la juu la anga liitwalo ionosfia, yakarudishwa ardhini maelfu ya kilomita kutoka yalikotoka. Kila aliye chini yake anaweza kuyapokea, na mtangazaji hana njia ya kujua ni nani aliyeyapokea. Redio ndogo ya betri haitumi chochote, hupokea tu.

Kesi zilizofika mahakamani zinaonyesha thamani ya tabia hiyo. Mwaka 1998 polisi wa upelelezi wa Marekani, FBI, waliwakamata Florida watu wa mtandao wa Cuba uliopokea maagizo kwa masafa mafupi. Tarehe 21 Septemba 2001 alikamatwa Ana Belén Montes, mchambuzi wa idara ya ujasusi ya jeshi la Marekani, ambaye naye alipokea namba kutoka Cuba kwa redio ya dukani. Katika kesi zote mbili ushahidi mzito ulipatikana ndani ya kompyuta na diski zilizohifadhi programu za kufumbulia na mabaki ya ujumbe. Kusikiliza redio hakukuwa kumeacha alama. Kuandika katika kompyuta kuliacha.

Ziwa letu nalo lina sehemu katika historia hii. Usiku wa tarehe 23 kuamkia 24 Aprili 1965, Ernesto Che Guevara alivuka Tanganyika kutoka Kigoma hadi Kibamba, upande wa Kongo, akiwa na kundi la kwanza la wapiganaji wa Cuba. Majina yao ya siri yalichukuliwa katika hesabu za Kiswahili. Víctor Dreke aliitwa Moja, José María Martínez Tamayo aliitwa Mbili, na Che mwenyewe, ingawa ndiye aliyekuwa kiongozi, akaitwa Tatu. Neno lenyewe lilijulikana na kila mvuvi wa pwani zote za ziwa. Kilichofichwa ni nani aliyebeba jina hilo. Kundi hilo liliondoka Novemba mwaka huohuo bila ushindi. Che alipokamatwa na kuuawa Bolivia Oktoba 1967, miongoni mwa karatasi zake ilikuwamo moja iliyojaa tarakimu za kufumbia ujumbe kwa daftari la bahati nasibu.

Redio za umma pia zimewahi kubeba mafumbo. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili, idhaa ya Kifaransa ya BBC ilisoma sentensi zilizoonekana hazina maana, kumbe ni maagizo kwa wapiganaji waliokuwa ndani ya Ufaransa. Katikati ya mwaka 2016, Radio Pyongyang ya Korea Kaskazini ilianza tena kusoma kurasa na namba, ikisema ni mazoezi ya wanafunzi wanaosoma kwa mbali, hadi iliponyamaza Januari 2024. Katika kila mfano, wasikilizaji wote walisikia maneno yaleyale, na wachache tu ndio waliokusudiwa.

Ama kwetu, jambo la kutafakari zaidi ni lile linaloondoka. Kituo cha Deutsche Welle mjini Kigali, kilichorusha matangazo ya masafa mafupi barani Afrika tangu mwaka 1965, kilifungwa Machi 2015. Mwezi Machi 2025 Sauti ya Amerika nayo ilinyamazishwa kwa amri ya serikali ya Washington, pamoja na idhaa zake za Kiswahili, Kirundi na Kinyarwanda. Habari zinahamia kwenye simu. Simu ina manufaa yake: huonyesha picha, hurudia kipindi kilichopita, na humwezesha msikilizaji kujibu. Lakini simu inahitaji kifurushi na chaji, na kila kinachofunguliwa humo huandikwa mahali fulani pamoja na namba ya mwenyewe.

Mvuvi wa mukeke anayesikiliza habari kwa Kiswahili mtumbwini hana siri ya kuficha. Hata hivyo, uhuru wa kusikiliza bila kuhesabiwa aliupata bure, kwa njia ileile iliyomfaa jasusi, na unapungua kila mtambo wa masafa mafupi unapozimwa. Wazungumzaji wa Kiswahili nchini, ambao vituo vinavyowahudumia ni vichache, wanayo sababu ya kulifuatilia jambo hili.

Kwa anayezisikia namba usiku, ushauri ni mfupi: hazikuelekezwa kwake, na kuzisikia si kosa. Azungushe kitufe hadi kituo kinachotaja jina lake na kueleza habari zake zimetoka wapi. Na jirani akimletea tafsiri ya namba hizo, amuulize kwanza: daftari liko wapi?