Programu zetu ni za kupanga

Mhariri,

Mwaka 2013 kampuni ya Adobe ilitangaza kwamba haitatoa tena toleo jipya la kulipia mara moja la Creative Suite (CS), furushi la programu zake za usanifu kama Photoshop. Atakayetaka Photoshop mpya alipie kila mwezi au kila mwaka. Watetezi wa mpango huo husema unampunguzia anayeanza mzigo wa kutoa fedha nyingi kwa mkupuo, na kwamba hata zamani hukuuziwa programu bali leseni tu. Yote mawili ni kweli. Lakini leseni ile haikukatika mfuko ulipokauka: CS6 ya 2012 iliendelea kufunguka kwenye kompyuta yako. Ya sasa hukatika, na si kwa deni pekee. Oktoba 2019 Adobe iliwaarifu wateja wa Venezuela kwamba akaunti zao zingefungwa kwa sababu ya amri ya Rais wa Marekani, tena awali bila kurudishiwa fedha. Mwezi huohuo ilipata kibali cha serikali ya Marekani ikaghairi, ila ilikwishajulikana funguo anazo nani.

Ndiyo maana naona vyuo vyetu vya usanifu vianze na GIMP, Inkscape na Blender, programu huria zisizodai ada. Pingamizi nalijua: mteja huleta faili la Photoshop, na GIMP si kila mara hulifungua sawasawa. Basi ofisi ilipie leseni moja kwa kazi hizo, si kumi. Kwa barua na hesabu za kawaida, LibreOffice, nayo programu huria, inatosha.

Msomaji,
Morogoro