Mbegu Haiazimwi

Wahenga walisema kuwa dawa ya deni ni kulipa. Methali hii hutajwa kila mara mkulima maskini anaposhindwa kurejesha mkopo wa mbegu. Sina ugomvi nayo, ila yafaa tuipime kwa mizani ya lugha yenyewe.

Kiswahili hutofautisha kuazima na kukopa. Jembe huazimwa, na jioni hurudi lile lile kwa mwenyewe. Mbegu hukopwa, kwani ikishafukiwa hairudi tena; hulipwa kutokana na mavuno. Kwa hiyo, anayekopesha mbegu hushiriki bahati ya mvua, apende asipende.

Tutazame Ndabibi, magharibi ya Ziwa Naivasha. Mkulima mdogo hupanda mahindi na maharagwe akitegemea mvua. Ikikatika kabla mahindi hayajabeba, mbegu imepotea lakini deni liko pale pale, na riba yaongezeka.

Hali hii si majaliwa. Mwaka 1942, wakati wa Vita Vikuu vya Pili, serikali ya kikoloni iliwapa walowezi waliolima mahindi na ngano fedha za kuanzia msimu, pamoja na dhamana kwamba zao likiharibika pasipo kosa la mkulima, hasara ingebebwa na serikali. Mpango huo uliendelea baada ya Uhuru hadi miaka ya 1970, lakini uliwafaa wenye mashamba makubwa. Mwenye nguvu alikingwa. Mnyonge akaachiwa methali.

Kosa hili si letu pekee. Viazi vilipoharibika nchini Ireland mwaka 1879, sheria ya mwaka 1880 iliruhusu bodi za kusaidia maskini ziwakopeshe wakulima mbegu. Bodi zizo hizo zilizopaswa kumsaidia maskini zikageuka wadai wake.

Najua wapo wanaovuna wakaficha magunia. Hao na walipe. Lakini aliyenyimwa mvua si mdanganyifu, wala haifai wawili hao waitwe kwa jina moja.

Napendekeza mambo mawili. Mikataba ya mikopo ya mbegu iandikwe kwa Kiswahili, ambacho Katiba ya mwaka 2010 ilikifanya lugha rasmi. Pili, mikataba hiyo itamke wazi kuwa msimu ukiharibika kwa ukame, malipo yataahirishwa bila riba.

Nanyi walimu, wapeni wanafunzi methali hii waijadili. Waulizeni: dawa ya deni ikiwa ni kulipa, dawa ya ukame ni ipi, na nani ainunue?