Nodi ya Bitcoin kwenye laptopu ya GB 256

Vijana wa vyuo hapa Thika na Ruiru hutuuliza sana kama nodi ya Bitcoin inaweza kukaa kwenye laptopu ndogo. Inakaa, tena vizuri. Kinachotusumbua sisi ni bando, na wale matapeli wanaouza "nodi".

Nodi ni kompyuta inayokagua daftari la miamala yote ya Bitcoin tangu Januari 2009 bila kumuuliza mtu. Daftari zima limepita GB 600. Lakini tangu 2015 programu ya Bitcoin Core inakuruhusu kulipunguza: inapakua kila kitalu, inakikagua, halafu inafuta vya zamani. Unaandika prune=550 kwenye mipangilio, nayo inabaki na kama MB 550 za vitalu. Orodha ya sarafu ambazo hazijatumika haifutwi, na peke yake inakula zaidi ya GB 10. Tenga GB 30 ulale usingizi.

Ni kama unavyofuta SMS za zamani za pesa kwenye simu. Salio haliguswi. Ila ukija kurudisha waleti ya miaka iliyopita, nodi haina tena kurasa za kuangalia, na italazimika kupakua kila kitu upya.

Hapo ndipo watu hukwama. Diski unaokoa, bando huokoi: zile GB 600 na zaidi lazima zipite zote mara ya kwanza. Kwa bando ya simu usijaribu hata. Na kompyuta isiyo na betri, stima ikipotea ghafla, data inaweza kuharibika uanze tena mwanzo.

Kwa maoni yetu, nodi inamfaa anayeshika Bitcoin zake mwenyewe, au anayetaka kujifunza. Kama sarafu zako ziko kwenye programu ya mtu mwingine, nodi haikuongezei chochote.

Watu wa Thika hawaogopi vitu vipya. Majaribio ya M-Pesa ya Oktoba 2005 yalifanyika Nairobi na hapa hapa Thika. Ujasiri huo ndio matapeli wanaoutafuta. Nodi ya Bitcoin haikulipi hata shilingi moja. Anayekwambia utume elfu tano kwenye till yake akukodishie nodi ya kukulipa kila jioni, anakuibia, hata kama ni jamaa mnayesali naye. Sheria ya 2025 kuhusu watoa huduma za mali pepe inataka wanaouza huduma hizi wawe na leseni. Muulize yake iko wapi.

Na kama umeshatuma kwa simu, tupigie saa hiyo hiyo kabla hela haijatolewa. Ukiwa umetuma Bitcoin, hatuna kitufe cha kuirudisha, na hakuna mwingine aliye nacho.